Siku Nyati Alipoungana na Kipanga

Benchi letu liko kwenye kona. Kiwanja ni kimoja, lakini kinatazama mitaa miwili, na katikati yake umesimama ukuta. Upande wa kulia ni gereji ya kaka yangu mkubwa, anayetengeneza magari ya Nyati peke yake. Juu ya mlango wake kuna kichwa cha nyati chenye pembe nyeupe. Ukipinda kona unaikuta gereji ya mdogo wangu, anayetengeneza magari ya Kipanga peke yake. Juu ya mlango wake kuna kipanga aliyekunjua mabawa, ambaye mdogo wangu alimchora kwa mkono wake mwenyewe. Mtaa mzima humwita mkubwa Nyati na mdogo Kipanga, na majina waliyopewa na mama hayatumiki tena hata harusini. Hawasemeshani. Mimi, mtoto wa kati, nakaa hapo kwenye pembe na jiko langu, birika na vikombe, nikiwamiminia kahawa wanaosubiri magari na wasiosubiri chochote. Wasiosubiri chochote ni watatu: Taarifa, dereva wa teksi ambaye redio yake haizimwi, Mstaafu, aliyekuwa karani mpaka ofisi ikamchoka, na Kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na benchi, na ambaye hurudi kazini pale tu hoja inapomshinda.

Asubuhi hiyo Taarifa aliegesha teksi yake vibaya kuliko siku zote, akaja akizungumza tangu barabarani.

Taarifa: Kimeumana! Nyati na Kipanga wameungana. Redio imerudia mara tatu.

Kinyozi: Hawa hawa wetu?

Taarifa: Wetu wataungana kiyama, na hapo kila mmoja ataomba moto wake peke yake. Nasema makampuni yenyewe, yanayounda magari. Wametia saini, wakubwa wamepeana mikono, meno yote nje.

Mstaafu: Ukiona wakubwa wawili wanacheka pamoja, ujue kuna mdogo anafungasha virago.

Kinyozi: Sasa gari lenyewe litakuwaje? Mbele Nyati, nyuma Kipanga?

Taarifa: Ndiyo. Mbele linapiga pembe, nyuma linapaa.

Mstaafu: Acheni utoto. Nyinyi hamjawahi kuunganishwa. Mimi nimeunganishwa. Idara yetu ilipotiwa pamoja na ile ya ghorofa ya juu, tuliambiwa ni kwa ajili ya ufanisi. Unajua kilichounganishwa kwanza?

Kinyozi: Mishahara?

Mstaafu: Choo. Vilikuwa viwili, kikabaki kimoja. Wakurugenzi walikuwa wawili, wakabaki wawili. Mmoja akaitwa wa mikakati, mwingine wa mwelekeo.

Taarifa: Na tofauti yao ilikuwa nini?

Mstaafu: Mmoja alikuwa na ufunguo wa choo.

Nilimimina raundi ya kwanza. Kinyozi alikipuliza kikombe chake, akakiweka chini, ishara kwamba ana jambo zito.

Kinyozi: Mimi biashara hii naielewa kuliko nyinyi. Pale kibandani nina viti viwili. Kimoja cha mbao. Kingine nimekivisha ngozi, nikakiwekea taulo jeupe, nakiita kiti cha waheshimiwa. Bei yake mara mbili.

Taarifa: Mimi ndicho ninachokalia.

Kinyozi: Najua, ndugu yangu, na Mungu akuzidishie.

Taarifa: Uliniambia mashine ya kile kiti ni maalumu.

Kinyozi: Mashine ni moja. Naihamisha tu.

Taarifa alipitisha kiganja kichwani polepole, kuanzia paji mpaka kisogoni, kama mtu anayehesabu hasara kwa vidole.

Taarifa: Kwa hiyo miaka yote hii nanyolewa kama watu wa mbao?

Kinyozi: Unanyolewa kama wao, lakini unajisikia tofauti. Hicho ndicho ninachokuuzia. Na hao wakubwa wa magari watafanya hivyo hivyo: gari moja, viti aina mbili. Mmoja atakuwa ngozi na mmoja atakuwa mbao.

Taarifa: Wahenga walishasema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndiyo maana gari bovu halikai nyumbani, kila siku liko njiani kwenda gereji.

Mstaafu: Methali hiyo umeipindua.

Taarifa: Methali ni kama gari, mzee. Mwendo ni wa dereva.

Hapo ndugu zangu wakatoka kunywa kahawa, kila mmoja kwa mlango wake, kila mmoja akishangaa kumwona mwenzake kama kawaida. Kaka aliketi mwisho wa kulia wa benchi, mdogo mwisho wa kushoto, na wale watatu wakabaki katikati kama mizigo kwenye mizani.

Kaka: Dada, mwambie mwenye ndege wake kwamba Nyati hatakuwa kiti cha mbao. Nyati ndiye aliyeoa.

Mdogo: Dada, mwambie mwenye ng'ombe wake kwamba anayeoa ni mwenye pesa, na pesa ni za Kipanga.

Kaka: Dada, mwambie nyati si ng'ombe.

Mdogo: Mwambie kwa mbali wanafanana.

Sikumwambia mtu kitu. Nimeacha zamani kupeleka ujumbe kati ya watu walioketi benchi moja. Nilimwongezea kila mmoja kahawa, na mmoja akiongezwa kidogo zaidi ya mwenzake huona, kwa hiyo mimi huwapimia kwa macho mpaka matone ya mwisho.

Taarifa: Nyinyi mnagombea kiti, mimi nawaambia mambo mengine kabisa. Magari mapya hayatakuwa na nembo ya chuma. Nembo itakuwa kioo, kama simu. Ukienda kwa wakwe, inaonyesha Kipanga, uonekane una adabu. Ukienda kudai haki yako, inatoa pembe.

Kinyozi: Na ukienda msibani?

Taarifa: Inazima yenyewe. Halafu kila kitu kitakuwa kwa kifurushi. Honi, kifurushi cha mwezi. Kushusha kioo, kifurushi. Taa, kifurushi cha usiku.

Kinyozi: Na breki?

Taarifa: Nazo.

Kinyozi: Sasa kifurushi kikiisha uko mteremkoni?

Taarifa: Unaletewa ujumbe. "Mpendwa mteja, umebakiwa na breki mbili. Zitumie kwa busara."

Benchi lilicheka mpaka likayumba. Hata kaka alicheka, na alipomwona mdogo naye anacheka, akanyamaza.

Mstaafu: Mnacheka, lakini hamjaona mwisho wake. Hawa hawatafuta jina hata moja. Mwenye kuipenda Nyati atauziwa Nyati. Mwenye kuichukia Nyati atauziwa Kipanga. Kisha wataunda jina la tatu kwa wale wanaozichukia zote mbili, na la nne kwa wale wanaolichukia la tatu. Mtu atazunguka dunia nzima na hasira zake, na kila atakapotua, pesa inaingia mfuko mmoja.

Aliposema hivyo nilimkumbuka mama, na ilibidi nigeukie jiko.

Wengine katika ukoo wetu husema ukuta ule ulijengwa kwa sababu ya urithi. Si kweli. Wengine husema kaka alimpiga mdogo kwa spana. Si kweli pia. Aliirusha, nayo ilimkosa, na hiyo ilikuwa miaka mingi kabla. Mimi nilikuwepo siku fundi mwashi alipokuja, kwa sababu mimi ndiye niliyeshika ncha ya uzi. Baba alikuwa amefariki, gereji ilikuwa moja, na kaka alikuwa na ulimi mkali. Kila mteja aliyekaripiwa alikwenda gereji ya mtaa wa tatu na hakurudi. Mama aliwatazama wakiondoka kwa muda, kisha akasema: "Mtu akinuna hapa, apinde kona, akanunie huko huko kwetu." Ndipo ukajengwa ukuta, ikafunguliwa milango miwili kwenye mitaa miwili, na kila mtoto akapewa aina yake ya gari na amri ya kutoligusa la mwenzake. Akawaambia pia wasisalimiane mbele ya wateja, ili anayemkimbia mmoja aone fahari kuingia kwa mwingine. Mama alitaka waigize. Wao walikariri. Alipofariki walikuwa wamesahau kwamba ni maigizo, na mimi sikujua nimkumbushe yupi kwanza.

Kitu kimoja tu mama hakukigawa. Vifaa vikubwa vilikuwa ghali, akanunua jeki moja kubwa ya magurudumu na kuacha kijilango cha chuma nyuma ya ukuta, pale ninapoweka mkaa. Ufunguo ninao mimi, na usiku ndimi ninayeivusha jeki kwa anayeihitaji.

Nilipogeuka kutoka jikoni, Taarifa alikuwa ameacha kucheka.

Taarifa: Kuna kipande kingine, ila sikutaka kukisema mbele ya wenyewe.

Kaka: Sema.

Taarifa: Redio imesema kila eneo litabaki na fundi mmoja aliyeidhinishwa. Bango moja. Mtu wao anazunguka wiki hii.

Bango la kampuni si pambo. Magari ya maofisi na ya mashule hayaingii gereji isiyo nalo, na hayo ndiyo yanayolipa kwa wakati. Kati ya ndugu zangu wawili, mmoja alikuwa anakaribia kubaki na magari ya watu wanaosema "nitakuona kesho".

Kinyozi: Vita vya panzi...

Mstaafu: Usimalizie.

Kinyozi: ...ni furaha ya kunyolewa.

Mstaafu: Nilisema usimalizie.

Ndipo lilipokuja gari linalogonga. Lilisikika kabla ya kuonekana, likigonga mbele kila lilipokanyaga shimo: gwa, gwa, gwa. Likasimama mbele ya benchi. Lilikuwa jipya, la kijivu, na hapo usoni pake, pale panapokaa nembo, palikuwa na duara tupu lenye matundu mawili ya skrubu. Akashuka mwanamke wa makamo mwenye viatu vya vumbi.

Taarifa: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu la mbele hilo, kulia.

Mgeni: Habari za hapa. Nani fundi?

Kaka na Mdogo: Mimi.

Mgeni: Wa nini?

Wote wawili walikuwa wameshaanza kulizunguka gari. Kaka alilizunguka kwa kulia, mdogo kwa kushoto, kila mmoja akichungulia taa, pembe za milango, mgongo wa buti, kama mashangazi wa pande mbili wanaotafuta pua ya ukoo kwenye uso wa mtoto mchanga.

Kaka: Samahani, mama. Hili ni gari la kampuni gani?

Mgeni: La kampuni.

Mdogo: Ipi?

Mgeni: Siku hizi iko moja. Mimi natoka huko. Bango liko ndani ya buti. Nilikuwa nije kesho, lakini gari limeanza kugonga, nikaona nije nalo, niwaone mkifanya kazi.

Kinyozi: Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Mstaafu: Hiyo leo sijui kama itafaa.

Nilimpa mgeni kikombe. Alikipokea kwa mikono miwili, akaketi mahali pa Kinyozi, na Kinyozi akabaki wima akiona fahari. Mdogo wangu akafungua boneti. Kaka alisogea, akainama, akainuka na uso umeng'aa.

Kaka: Hii ni Nyati! Injini yangu hii. Mfuniko huu nimeufungua mara elfu.

Mdogo: Dada, mwambie mimi nimeufungua mara elfu na moja. Hii ni Kipanga tupu.

Kaka: Dada, mwambie ndege hana moyo kama huu.

Mgeni: Mbona mnabishana? Nyote mko sawa. Injini ni ile ile. Ilikuwa ile ile hata kabla ya kuungana. Kampuni zote mbili zilikuwa zinanunua kwenye kiwanda kimoja.

Ndugu zangu walikitazama kile chuma kama mtu aliyeambiwa shemeji yake ni dada yake. Kaka hajawahi kufungua boneti ya Kipanga tangu mama alipomkataza, wala mdogo ya Nyati. Wametengeneza injini moja miaka yote tangu hapo, kila mmoja upande wake wa ukuta, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa injini mbovu aliyopewa.

Taarifa: Subiri kwanza. Mimi niliuza Nyati langu kwa bei ya kutupa, nikanunua Kipanga. Kwa sababu ya injini!

Kinyozi: Umehama kiti tu, mheshimiwa.

Taarifa: Funga mdomo.

Mgeni: Haya, kelele yenyewe. Linyanyueni mbele tuone. Nani ana jeki kubwa?

Kaka: Mimi.

Mdogo: Mimi.

Mgeni: Ileteni basi.

Kaka akanitazama. Mdogo akanitazama. Nikachukua ufunguo, nikazunguka nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu kijilango kile kiwekwe niliikokota jeki mchana kweupe, nikaipitisha mbele ya watu. Magurudumu yake yana mlio wake. Nikaifikisha chini ya gari.

Mstaafu: Na nyingine?

Mimi: Hakuna nyingine.

Kinyozi: Kumbe!

Taarifa: Kumbe na hapa ni mashine moja, inahamishwa!

Walicheka mpaka Mstaafu akatoa kitambaa cha kufuta macho. Ndugu zangu hawakucheka. Walilala chini ya gari, mmoja kulia, mmoja kushoto, miguu yao minne ikitokeza kama ya mtu mmoja aliyezidishiwa. Zilisikika sauti mbili kwa pamoja: "Bushi." Zile raba zinazozuia chuma kugonga chuma zilikuwa zimekwisha upande wa kulia. Walipotoka baada ya kuzibadilisha, mgeni alikuwa amemaliza kikombe.

Mgeni: Nimetumwa kuchagua mmoja. Sitaki kumwonea mtu. Kwa hiyo niambieni wenyewe: mnatofautianaje?

Kaka alikohoa. Mdogo alitafuta kitambaa cha kufutia mikono, nacho kilikuwa kimeshikwa na kaka upande mmoja. Wale watatu waliokuwa na jibu la honi, la breki na la misiba walianza kukagua kucha zao.

Mstaafu: Mama, niulize swali la kizee?

Mgeni: Uliza, mzee wangu.

Mstaafu: Hayo magari mapya, majina yatabaki mawili au moja?

Mgeni: Mawili. Wateja wana mapenzi yao.

Mstaafu: Na injini moja.

Mgeni: Moja.

Mstaafu: Kwa hiyo huko juu mmeungana mkabaki wawili, na hawa huku chini waliokuwa wawili ndio mnataka wawe mmoja?

Mgeni alikigeuza kikombe kitupu mkononi mwake. Alikuwa mtu mwenye haya, na nilimpenda kwa hilo.

Mgeni: Mimi nimetumwa, mzee.

Mstaafu: Najua, mwanangu. Na mimi nilitumwa miaka yote.

Mgeni alilitoa bango kwenye buti. Lilikuwa zuri, la bati zito, na nembo zote mbili zimebanwa ndani ya duara moja, pembe na bawa, kama wanandoa kwenye picha ambao mpiga picha amewaambia wasogeleane. Akasoma masharti. Mwenye bango atapaka sakafu rangi ya kijivu. Atavaa ovaroli ya kampuni. Oili, bushi, hata skrubu, atanunua kwao kwa bei yao na kumtoza mteja bei yao. Asiye na bango hatazuiwa kutengeneza gari lolote, ila hataruhusiwa kutumia jina, nembo wala picha yake mahali popote.

Mimi huwa sisemi sana. Siku hiyo nilisema.

Mimi: Liende kwa kaka.

Kaka alivuta pumzi hadi mabega yakapanda. Mdogo wangu alinigeukia.

Mdogo: Dada?

Mimi: Bei zao ni kali. Mteja atalipa mara ya kwanza kwa ajili ya ovaroli. Mara ya pili atanuna. Akinuna, apinde kona, akukute wewe, na oili ya bei yako na bushi ya bei yako. Mabango mawili yalikuwa ya zamani. Sasa mmoja atakuwa na bango na mmoja atakuwa nafuu.

Mgeni aliliegemeza bango kwenye benchi.

Mgeni: Dada yangu, hayo maneno ndiyo waliyotuletea wataalamu watueleze siku nzima kwenye ukumbi wenye viyoyozi, na sikuyaelewa.

Kinyozi: Hapa unayapata kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Sikuwaambia sababu ya pili. Kaka asingeweza kuishi bila bango. Shuleni alivaa beji ya kiranja hata likizo. Mdogo wangu hajui kukataa kwa sauti. Nilichagua kama familia zinavyochagua: anayeweza kuvumilia ndiye anayepewa cha kuvumilia.

Mdogo wangu alikwenda kuleta ngazi mwenyewe. Kipanga wake hakuwa wa bati la kufungua skrubu. Alichorwa ukutani, kwa rangi ya kahawia aliyoichanganya jioni nyingi mpaka akaipata, na kila unyoya una ncha yake. Ilibidi afutwe kwa chokaa. Ngazi ile ina mguu mmoja mfupi, huwa inacheza. Alipopanda kidato cha tatu ikaacha kucheza, na nilipochungulia niliona kaka ameishika kwa mikono yote miwili, anatazama barabarani, kana kwamba ni ngazi ya mtu asiyemjua.

Benchi likaanza kumtafutia mchoro mwingine.

Taarifa: Mchore kobe. Kobe hana mwenyewe.

Kinyozi: Atachora kobe halafu magari yachelewe? Achore mkono. Mkono tu, umeshika spana.

Mstaafu: Mkono unaomba au unatengeneza? Watu wataelewa vibaya.

Taarifa: Aandike tu: "Kwa Aliyenuna".

Kinyozi: Hapo mimi naingia na gari sina!

Bawa la kushoto lilikwenda kwanza, kisha kichwa, kisha kucha. Brashi ilipita mara mbili pale penye jicho. Mgeni alishukuru, akaahidi mafundi wa sakafu, akaondoka na gari lake lisilogonga na lisilo na jina. Kaka alirudi mlangoni kwake na kuanza kulipimia bango mahali. Mdogo wangu alishuka, akasimama chini ya ukuta mweupe, mikono ina chokaa mpaka viwikoni.

Gari la Kipanga la zamani lilipinda kona taratibu, likasogea, likasimama. Dereva alikuwa kijana ambaye hatujawahi kumwona. Alitazama ukuta, akatazama kipande cha karatasi mkononi, akatazama ukuta tena, kisha akatoa kichwa dirishani kwa adabu.

Mteja: Shikamooni wazee. Nimeelekezwa kwa fundi mmoja hapa, wananisifia sana mkono wake. Kaka, wewe ndiye Kipanga?

Mdogo wangu alifungua mdomo. Akatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyesahau namba yake ya simu na anadhani wenzake wanaijua. Taarifa, ambaye habari haijawahi kumpita, alikuwa anatafuta kitu ndani ya kikombe. Mstaafu alikunja kitambaa chake mara nne, akakikunjua. Kinyozi alikumbuka kuna mteja, akavuka barabara kwenda kibandani ambako hakukuwa na mtu.

Mteja alisubiri. Nikanyanyua birika nimkaribishe angalau kahawa, lakini lilikuja jepesi, kahawa imekwisha.